Nukta Ndani ya Duara

Simu ilinikuta nikipiga pasi. Nina miaka sabini na minane, na mashati yangu nayanyoosha mwenyewe, kwa sababu sijamwona bado wa kunyoosha kola nikaridhika. Aliyepiga alikuwa mtunza nyaraka wa Baraza la Jimbo, mahali nilipokaa miaka ishirini nikitunga sheria. Binti mwenye adabu. Aliniamkia, akaniita mheshimiwa, akanieleza kwamba kumbukumbu zote za zamani zinaingizwa kwenye kompyuta, na katika kufungua masanduku wamekuta utepe wa sauti ambao siku zote ulidhaniwa umefutwa. Kisha akataja tarehe yake.

Niliisimamisha pasi wima, nikakaa kitandani.

"Sauti ya kwenye utepe na maneno ya kwenye kitabu hayafanani, mheshimiwa," alisema. "Ni ukurasa mmoja tu. Naomba uje usikilize, utuambie lipi ni lipi."

Nilimwambia nina mafua. Akasema pole, basi wiki ijayo. Nikasema wiki ijayo inshallah, na hapo nikatambua kwamba mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekamata kola ya shati lile kama mtu anayemzuia mwizi.

Alasiri ya siku hiyohiyo akaja shemeji yangu, kitinda mimba wa kwao mke wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama cha madobi. Alikuja na mchoro. Madobi wamemaliza kujenga jengo lao la kufulia, lenye bomba za maji, meza ndefu za pasi na kamba za kuanikia chini ya paa, na kwa kauli moja wameamua kuliita kwa jina langu. Alikuwa na furaha isiyomwezesha kukaa. Akanitania kwamba fundi wa rangi anauliza kama neno Mheshimiwa aliandike kwa kirefu au kwa kifupi, maana kwa kirefu ukuta hautoshi, labda nipunguziwe cheo. Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu shemeji akasema kwamba pale mlangoni wataitundika fremu ya baba yao.

Ile fremu naieleza mapema, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Ni kipande cha gazeti, kimegeuka rangi ya chai, ndani ya kioo. Juu yake kuna picha yangu nikiwa na nywele. Chini kuna maneno yaliyonukuliwa kutoka kwenye Hansadi, yaani kile kitabu cha Baraza kinamoandikwa kila neno ambalo mjumbe amelisema. Maneno yenyewe ni haya: "Mimi ni dobi, na ninajivunia. Wale wa kule kijitoni ni ndugu zangu. Wasiondolewe mpaka wapewe mahali pengine penye maji." Baba mkwe wangu aliitundika fremu hiyo juu ya meza yake ya pasi, na alikufa ikiwa pale. Wageni wake wote aliwasomea.

Mimi sikuyasema maneno yale.

*

Udobi alinifundisha baba mkwe kabla hajawa mkwe. Nilikuwa kijana nisiye na kazi wala cheti, yeye akanipa jiwe la kufulia kwenye ukingo wa kijito, la tatu kutoka kwenye daraja, akaniambia jikaze kisabuni. Nilijifunza buluu ya nguo nyeupe na wanga wa kola, na kumjua mtu kwa nguo zake. Kila mteja alikuwa na alama yake, tuliyoichora ndani ya kola kwa wino usiotoka. Wajumbe wa Baraza walileta mashati yao kwetu. Miaka mingi baadaye, nilipoapishwa na kuingia ukumbini, niliwatazama wakubwa wale wamekaa kwa mistari, nikajua nani kola yake imegeuzwa mara mbili na nani mfuko wa shati lake huvuja wino.

Shule nilisoma ya jioni, baada ya kazi, katika darasa la watoto wadogo ambalo madawati yake yaligonga magoti yetu. Nilisoma kila kilichofundishwa. Hesabu, uraia, kupiga taipu, hata hatimkato, ile namna ya kuandika kwa alama haraka kama mtu anavyosema. Dobi hana kazi na hatimkato. Lakini mimi elimu yoyote niliitaka, na niliona fahari kuwa nayo, na sitajifanya leo kwamba fahari hiyo imeniisha.

Aliyekaa nami dawati moja alikuwa mpokea simu wa posta. Tulimwita Nukta, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi, na akishasema lake amemaliza. Huyo alizaliwa na masikio. Mwalimu alikuwa akisoma gazeti kwa kasi, sisi wengine tukibaki nyuma na kukisia, yeye anaandika huku anatazama dirishani. Mimi na yeye tulifanya mazoezi kwa kuandika taarifa za habari za redioni, na tukajitungia alama zetu wenyewe za kufupisha. Wananchi walikuwa ndoano. Serikali ilikuwa mstari wenye mkia. Neno dobi, kwa kunitania, alilifanyia pembetatu ndogo yenye mpini juu. Kijipasi. Kila nilipokiona daftarini mwake nilicheka, naye aliniambia nitulie, mwalimu anatazama.

Nukta ndiye aliyefika Barazani kwanza. Alifaulu mtihani akaajiriwa kuwa mwandishi wa Hansadi. Mimi nilimfuata kwa mlango mwingine, miaka sita baadaye, baada ya madobi na wauza sokoni kunisukuma nigombee. Siku ya kuapishwa nilipita mbele ya meza ya waandishi katikati ya ukumbi. Akainua kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Karibu kazini, kaka. Sema polepole."

*

Siku yenyewe ulikuwa unajadiliwa muswada wa kuuboresha mji. Barabara mpya ilitakiwa ipite ukingoni mwa kijito, juu ya mawe yetu. Madobi hawakupinga barabara. Walinituma jambo moja tu, wasivunjiwe kabla ya kupewa mahali pengine penye maji. Baba mkwe alilisema mara mbili, akinishika mkono. Yeye mwenyewe hakuweza kuja kukaa kwenye viti vya wageni, miguu ilikuwa inamsumbua. Namshukuru Mungu kwa miguu ile.

Nilikuwa nimeiandika hotuba yangu kwa wiki nzima. Ilikuwa na maneno makubwa. Kurasa mbili za kwanza nilizisoma vizuri, na niliona watu wanasikiliza. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye lile ombi, upande wa pili akasimama mjumbe mmoja tuliyemwita Kengele kwa sauti yake. Mashati yake niliyafua miaka minne.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika," alisema. "Nauliza tu kama shati langu la Ijumaa liko tayari."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Wa upande wangu walicheka pia. Spika mwenyewe alijificha nyuma ya karatasi. Mimi nilisimama pale na suti yangu, na kurasa zangu, na vyeti vyangu vya shule ya jioni nilivyovitia plastiki nyumbani, na uso ukaniwaka. Kicheko kilipopungua nikasema haya, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Mimi si dobi. Sijawahi kuwa dobi. Wale wa kule kijitoni siwajui, na kama wanaharibu sura ya mji, waondolewe hata kesho."

Walinipigia meza. Kengele akakaa chini. Utamu wa jambo lile ulidumu kwa muda wa mimi kuketi, basi. Kisha Waziri akasimama, akanishukuru, akasema kwa kuwa mjumbe wa eneo amekubali kwa kinywa chake, haoni haja ya kifungu cha mahali mbadala. Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Muswada ukapita kabla sijaipata kalamu yangu iliyoanguka.

Sikusimama kujirekebisha. Kulikuwa na nafasi. Ningeweza kuomba dakika moja, na Spika angenipa. Niliogopa wasije wakacheka tena.

*

Utaratibu wa Hansadi ulikuwa hivi. Kesho yake asubuhi karatasi za awali ziliwekwa juu ya meza ndefu katika chumba cha waandishi, na mjumbe aliruhusiwa hadi saa sita mchana kurekebisha lugha yake. Ulimi ulioteleza, jina lililokosewa, basi. Maana haikuguswa. Masahihisho yaliandikwa kwa wino wa kijani, na mjumbe akatia sahihi pembeni. Kila karatasi, chini kabisa, ilikuwa na alama ya mwandishi wake. Ya Nukta ilikuwa nukta nzito ndani ya duara dogo.

Mimi nilikuwa mteja mkubwa wa meza ile. Kila hotuba yangu niliirekebisha, nikaipamba. Waandishi walinizoea, hakuna aliyenitazama mara mbili nilipoingia. Karatasi yangu ilikuwa ya kumi na saba. Nukta alikuwa ameandika kila neno, na pale wajumbe walipocheka ameandika *Kicheko*. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaifikiria mikononi mwa baba mkwe.

Nikaikunja ndani ya gazeti, nikaenda nayo kwenye chumba cha wajumbe. Mashine za taipu za pale zilikuwa aina moja na za waandishi. Mjumbe mwingine angehitaji karani, lakini mimi nilisoma taipu. Niliandika karatasi mpya, kosa hata moja halikuwamo. Nilijipa maneno ambayo ningetaka kuwa niliyasema, na nilipoyasoma yalinipendeza kiasi kwamba macho yalinilowa. Kisha nikafanya mazoezi mara tatu nyuma ya bahasha, nikachora chini ya ile karatasi nukta ndani ya duara.

Kabla ya saa sita ilikuwa mezani, kati ya ya kumi na sita na ya kumi na nane. Ile ya kweli niliichana vipandevipande, nikaitupa chooni.

Waandishi wa habari siku ya mjadala walikuwa wamekwenda kula nilipozungumza, kwa hiyo gazeti lilinukuu kutoka Hansadi. Hapo ndipo fremu ilipozaliwa. Lakini nilikuwa nimesahau karatasi ya kumi na nane, ambamo Waziri ananishukuru kwa kukubali. Watu walimcheka Waziri kwamba anamshukuru mtu aliyemkatalia. Akachachamaa, akapeleka malalamiko kwa Spika, na ikaundwa kamati ya watu watano.

Mtu atauliza, wajumbe sitini hawakusikia? Walisikia. Ila Barazani watu husikia kwa chama. Wa upande wa Waziri waliapa kwamba nilikubali, wa upande wangu waliapa kwamba nilikataa, na baadhi yao nadhani walikwishaamini, kwa kuwa gazeti lilikuwa limesema. Fundi mitambo akaeleza kwamba utepe wa siku ile umerekodiwa juu yake kikao kingine. Akabaki shahidi mmoja asiye na chama. Nukta, na daftari lake.

Alikuja na gauni la kazi, daftari kifuani. Alisema karatasi ile hakuitaipu yeye, na alama ile si mkono wake. Akalifungua daftari mezani mbele ya kamati. Waliitwa waandishi wenzake wawili walisome, wakashindwa palepale penye shina la maneno, kwa sababu pana vifupisho vyake mwenyewe. Mmoja alikiwekea kidole kile kijipasi, akasema hajui hii ni nini, labda ni mchoro tu. Nukta akasema hiyo ni dobi. Wanakamati wakatazamana, mmoja akaficha tabasamu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwingine humu ndani anayeweza kuusoma mwandiko ule.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza, hatua mbili hazifiki. Daftari lilikuwa limenigeukia kichwa chini, na nilikuwa nalisoma kama ninavyosoma jina langu. *Mimi si*, kijipasi. *Sijawahi kuwa*, kijipasi. Nukta aliinua macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama darasani ninapochelewa kumaliza sentensi, ananisubiri.

Mwenyekiti akarudia swali. Kisha akanigeukia, akauliza kama nilisema yaliyomo kwenye karatasi. Nikajibu kwamba nilisema yaliyoandikwa.

Nukta akafunga daftari.

Alihamishwa kutoka Barazani kwenda ghala la mafaili la wilaya, kubandika lebo. Barua yake ilitaja sababu kuwa ni udhaifu wa kusikia. Mawe ya kijitoni yalivunjwa mwezi uliofuata, na madobi walitawanyika kwenye mabomba ya uani na mitaroni, lakini mimi hawakunilaumu. Mimi nilikuwa nimewatetea. Walinichagua tena mara tatu.

Nukta nilimwona siku moja tu katika miaka thelathini na moja, kwenye foleni ya dirisha la posta. Nilitoka nje, nikaenda kutuma barua yangu mtaa mwingine.

*

Nilikwenda Barazani wiki ile ya pili, nikiwa na maelezo niliyoyaandaa kwa siku nne. Kurasa mbili, zimetaipuliwa. Mtunza nyaraka alinipokea kwenye ngazi, akanishika kiwiko. Chumba chake kiko chini, kina rafu za chuma na feni inayolia kama inadai kitu. Kwenye kiti karibu na mlango alikuwa ameketi bibi mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kamba, mkoba magotini. Binti alianza kututambulisha. Bibi akamwambia asihangaike.

Utepe ulizungushwa. Nilisikia kurasa zangu mbili za maneno makubwa, na sauti ambayo sikujua kwamba ilikuwa nyembamba vile. Nikasikia Kengele na kicheko. Kisha nikajisikia. Binti alikuwa anatazama sakafu. Nukta alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mashine, mkono nyuma ya sikio, na hapo ndipo nilipoona kifaa cha kusaidia kusikia.

Utepe ulipokwisha alisema, "Sasa ndiyo sisikii vizuri. Wakati ule nilikuwa nasikia."

Nilimpa maelezo yangu. Ndivyo nilivyopanga, ayaone yeye kwanza, kama heshima. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili bila haraka. Nilikuwa nimeeleza kwamba kulitokea mkanganyiko katika uandaaji wa kumbukumbu, kwamba mazingira ya kisiasa ya wakati huo yalikuwa magumu, kwamba inasikitisha endapo mtumishi yeyote aliathirika. Alipomaliza alizikunja, akanirudishia.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila humu hakuna mtu aliyefanya kitu."

Nilijaribu kueleza kwamba ndiyo lugha ya ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaeleza shida yake kwa maneno machache. Hataki cheo, hataki msamaha wa serikali, hataki niaibishwe gazetini. Wajukuu zake wanajua bibi yao alifukuzwa Barazani kwa uziwi. Anataka kwenye kitabu kilekile iandikwe kwamba alisikia sawasawa. Basi.

Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari na penseli iliyochongwa, akakivuta kiti chake mpaka sikio lake la kulia likawa upande wangu.

"Sema wewe," alisema. "Mimi nitaandika. Na useme kwa nguvu, la sivyo sitakupata."

Binti alitaka kuufunga mlango. Feni ikiwa inalia na mlango umefungwa Nukta hakunisikia, akaomba feni izimwe, na joto likatulazimisha kuufungua tena. Kwa hiyo nilisema mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya mtu anayehutubia, na makarani waliopita koridoni walipunguza mwendo. Nilirudia maneno yangu ya ukumbini, neno kwa neno, kisha nikasema niliiba karatasi ya kumi na saba. Nilisema nilitaipu nyingine. Nilipofika kwenye alama yake sauti ilinishuka, akasema, "Sijapata hapo," nikarudia kwa nguvu: nilighushi alama ya mwandishi. Nilisema mbele ya kamati nililisoma daftari kichwa chini, nikanyamaza. Mkono wake haukubaki nyuma.

Nilipomaliza alinisomea yote tangu mwanzo, kwa sauti isiyo na chuki wala huruma, ile sauti ya kazi. Hata nilipokohoa alikuwa ameandika kwamba nilikohoa. Binti akanikumbusha kwamba utaratibu haujabadilika, ninayo haki ya kurekebisha lugha mpaka kesho saa sita.

Nikasema isiguswe.

Nukta alichora duara dogo chini ya ukurasa, akaweka nukta katikati, akaikandamiza. Nilimwambia samahani.

"Hiyo nimeshaiandika," alisema, akafunga mkoba.

Kwenye ngazi nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile kwamba mimi najua kusoma vifupisho vyake. Angeniumbua kwa neno moja. Alishuka vidato viwili kabla ya kujibu. "Nilidhani unamalizia sentensi."

*

Nyumbani nilimwambia mke wangu kabla sijavua viatu. Alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema kwamba miaka yote alishangaa kwa nini kwa baba yake nilikaa nimeipa ile fremu mgongo, akadhani ni unyenyekevu. Alisema baba alikuwa akiifuta vumbi kila Jumatatu. Halafu akaingia ndani, na alipotoka aliniambia nisimweleze yeye zaidi, kuna wenye haki ya kusikia.

Nilikwenda kwenye jengo jipya asubuhi iliyofuata, nikiwa na nakala iliyotaipuliwa mfukoni, kabla ya ile saa sita. Fundi wa rangi alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa ameshaandika JENGO LA MHE., anatafuta brashi nyembamba. Shemeji alinipokea kwa utani, akasema mwenye nyumba amekuja kukagua. Nikamwomba tusogee pembeni, nikampa karatasi. Aliisoma mara moja. Hakunipigia kelele. Alimwita fundi ashuke kwanza apumzike, kisha akaniuliza swali moja, kama baba yake alijua. Nikasema hapana.

Fremu ilikuwa imeegemezwa ukutani, ndani ya gunia. Aliitazama.

"Mimi siwezi kuwaambia hawa, shemeji," alisema. "Wasomee wewe."

Ndani kulikuwa na madobi kama thelathini, kila mmoja na meza yake, mvuke umejaa mpaka darini. Wazee watatu wa kwenye mawe ya kijitoni walikuwamo, waliobaki. Shemeji alipiga makofi, akawaambia mheshimiwa ana neno. Walinipigia vigelegele. Nikavaa miwani na kusoma kwa nguvu, kama Nukta alivyonitaka. Mwanzoni pasi ziliendelea kwenda na kurudi, wakidhani ni hotuba. Nilipofika penye *mimi si dobi, sijawahi kuwa dobi,* mzee wa meza ya mwisho, ambaye jiwe lake lilipakana na langu, aliiinua pasi yake kutoka kwenye shati ili lisiungue, akaishika hewani, akasubiri nimalize.